Chai ya poudre mu Mweso

Mama Neema, mwenye restora ya Mweso, hauna haya?

Leo nimekula kwako. Maharagi iko tamu, sidanganyi.

Lakini chai! Maziwa ya poudre, ya unga! Huku Masisi kwetu, kwenye ng'ombe!

Nikasema kwa sauti, restora yote ikasikia: "Hii njo maji ya chaki!"

Mama Neema akanijibu polepole: "Koko, muzee wangu, maziwa nilikuwa nanunua kwako. Ni weye uliacha kuleta."

Mucheke tu.

Ni kweli. Tangu vita nilibakia na ng'ombe mbili, na magoti inauma. Nilichoka kubeba bidon ya maziwa.

Ile chai nikaimaliza.

Riziki, binti yangu, najua uko unasoma hii naandika. Kesho asubui ukamue, upelekee Mama Neema bidon ya kwanza.

Na usiongeze maji.