Uso Kwanza, Barakoa Baadaye

Asubuhi hii mjinga ni mwandishi wa makala haya. Unamfuataje daktari wa magonjwa ya kuambukiza huku pua inachuruzika? Daktari Gunnvor Lidal anamtazama mara moja tu na kumfungulia mlango wa uani.

"Nje! Wagonjwa wangu wana magonjwa yao ya kutosha."

Ni saa mbili asubuhi, mwezi wa Aprili, katika hospitali ndogo magharibi mwa Norwei. Theluji bado imeng'ang'ania mlimani. Uani, mtoto mchanga amelala kwenye kigari chake, kama ilivyo desturi ya huku, mashavu mekundu kwa baridi. Mama yake, Ingrunn, anakunywa kahawa ya chupa. Amekuja kumwona baba yake, Torleiv, mfuga kondoo wa miaka 76, aliyetengwa chumba cha chini kwa kifua kikuu.

Mara Gunnvor naye anatokea uani. Anasogea dirishani kwa Torleiv, anavua miwani, anamwonyesha uso wake wote. Mzee anamkagua kama anayechagua kondoo mnadani, kisha anainua kidole gumba. Ndipo daktari anarudi ndani kuvaa barakoa.

Hufanya hivyo kila asubuhi, kwa kila aliyetengwa, mwaka wa 34 huu.

"Nimerithi kwa mama," anasimulia. "Alikuwa muuguzi hospitali ya kifua kikuu, kule mlimani. Wagonjwa walilazwa barazani kwenye baridi, wamefungwa mablanketi kama mikate. Jumapili mmoja wao alipiga kinanda cha kodiani, wengine wakaimba mpaka wakakohoa. Mama alisema mtu akiona macho tu juu ya barakoa miezi mitano, anasahau kwamba watu wana midomo."

Siku hizi jengo hilo ni hoteli. Gunnvor aliwahi kwenda kukaa barazani pale. "Kahawa yao mbaya sana. Lakini nilikaa mpaka wakafunga."

Torleiv anaijua baraza hiyo. Alikuwa na miaka minne mama yake, Borghild, alipopelekwa huko.

"Walininyanyua dirishani nimpungie mkono," anasema kupitia kipaza sauti cha ukutani. "Alivaa sweta ya bluu. Hakurudi. Basi. Sina kingine chake."

Kumbe alikuwa nacho. Vijidudu vya nyakati zile vililala kifuani mwake miaka sabini, vikaamka uzeeni.

Sasa anameza vidonge kumi na kimoja kila asubuhi, na atavimeza kwa miezi. Dawa ni bure. Kinachouma ni siku za kutengwa. Hii ni ya ishirini na mbili. Daktari anataka vipimo vitatu vya makohozi visivyo na vijidudu, na mpaka leo kimoja tu ndicho kilichotoka safi.

Gunnvor anastaafu Juni. "Namtaka huyu awe mgonjwa wangu wa mwisho, atoke kwa mlango wa mbele," anasema. "Halafu niende kwake nikale nyama, maana amenitambia kondoo wake hadi nawaota."

Tatizo ni kwamba mzee ameshafunga begi.

"Kesho naondoka!" kipaza sauti kinakoroma. "Kondoo wanazaa."

"Una mjukuu wa siku kumi na mbili nyumbani kwako," daktari anamjibu, sasa yumo ndani na barakoa yake. "Ukimkoholea, nitamlaza chumba cha pili."

"Nitalala zizini."

"Siku ngapi? Mpaka supu inukie?"

"We daktari, nani atazalisha kondoo wangu? Asle? Mkwe wangu ni mwalimu wa hesabu! Ataishia kuwahesabu tu!"

Ingrunn anaweka kikombe chini. Anamtoa mtoto kigarini, anamsogeza dirishani. Ni msichana, wamempa jina la Borghild. Torleiv anainua mkono kumpungia, mkono unaishia hewani.

"Asle amezalisha kumi na wanane tangu Jumapili, baba," Ingrunn anasema, "na hakuna kondoo hata mmoja aliyekuulizia. Anayekungoja ni huyu. Pona kwanza, maana huyu hatakua akikumbuka mkono wa kwenye kioo tu, kama wewe."