Msiba wa Bata Mashaka

Enzi zetu, washkaji, yaani kipindi kile cha darasa la tatu, meno yanang'oka kwa zamu, mtu alikuwa anapenda kitabu mpaka anaugua. Msinicheke. Niko kidato cha tatu sasa, magoti yanalia nikipanda ngazi, nina haki ya kukumbuka.

Kitabu kilikuwa kimoja, vichwa sita juu yake, kinanuka mafuta ya taa na kalmati za waliotutangulia. Humo aliishi Bata Mashaka, muuza vitumbua anayeogopa maji. Bata! Alikuwa haogi, anajifuta tu na kitambaa kibichi, na mvua ikinyesha anaingia uvunguni. Wenzake vitabuni wanaua simba, wanaoa mabinti wa sultani. Mashaka alikuwa muoga kama sisi, na bado kila asubuhi anatoka na sinia lake. Ndiyo maana tulimpenda.

Sasa ukurasa wa kumi na nne, kifaranga cha jirani kinatumbukia baharini. Mashaka anatupa sinia, anaruka. "Akazama." Basi. Kurasa zilizofuata kuna mtu alishafungia karanga.

Tulilia mpaka mwalimu akadhani tumepigana. Jioni tukaamua msiba uwe kwetu. Nikachukua mkeka wa Bibi bila kuaga, nikautandika barazani, wavulana tukakaa kimya kama wazee, tunakunywa maji kwenye vikombe vya kahawa. Binamu yangu Zuhura akajifunika kanga, akatangaza kwamba yeye anakaa eda, kwa hiyo hesabu za kesho zisimhusu.

Kwetu Bagamoyo ukikuta watu wanalia mkekani huulizi, unavua viatu. Mama Chausiku, jirani yetu, alilia dakika nzima ndipo akaninong'oneza, "Kwani kafa nani, baba?"

Kabla sijajibu, Bibi akatokea jikoni. "Marehemu mtu wa wapi?"

"Wa ukurasa wa kumi na nne, Bibi."

Fimbo niliijua, nilishaizoea. Nilichoogopa ni asije akasema, "Kumbe kitabu tu!" Hapo Mashaka angekuwa amekufa kweli.

"Nisomee," akasema.

Nikasoma yote. Nilipofika "akazama", Bibi akajipiga paja.

"Wajinga nyie! Bata azame? Kapiga mbizi huyo! Mmekaa hapa kulia, mwenzenu yuko majini hana hata taulo! Na wewe Zuhura, vua kanga yangu, hujafiwa. Kesho hesabu!"

Tukatoka mbio mpaka ufukweni, Mama Chausiku yuko mbele na machozi yake, tunaita "Mashakaaa!" Mvuvi mmoja akauliza nani kapotea. Tukamweleza. Akafikiri kidogo, uso mkavu, akasema kamwona anaelekea Mlingotini, anaogelea vizuri tu.

Siku hizi mdogo wangu ana miaka saba, na shujaa wake wa kwenye simu anakufa mara tatu kabla ya chai. Anabonyeza, jamaa anafufuka. Hajawahi kumlilia. Nikimwambia sisi tulimtandikia bata mkeka, ananitazama kama mgonjwa.

Juzi nimekiona kile kitabu maktaba ya shule, kina kurasa zote. Sikukifungua. Nikienda Mlingotini kwa shangazi, naangalia majini kwanza, halafu ndiyo napiga hodi.