Wazee wa Wengine Mdomoni Mwangu

Nina hasira na sitaifunika. Ilianza kwenye kaburi la baba, hapa Bunia, jua la saa nane likichoma vichwa na watu wote wakiningoja mimi.

Ukoo wetu umetoka upande wa Mahagi, na tuna desturi yetu. Kabla ya kurudisha udongo, mtoto wa kwanza anasimama upande wa kichwa na kuwaita wazee mmoja mmoja, mpaka saba, waje wampokee mtu wao. Padri anamaliza yake, nasi tunafanya yetu. Majina hayo baba anamwachia mwana, na baba ndiye alikuwa wa mwisho kuyajua yote.

Mtoto wa kwanza ni mimi. Tena ni katekista, miaka mingi nafundisha watoto dini. Nikaita mzee wa kwanza. Nikaita wa pili. Wa tatu, kichwa kikawa kitupu.

Shangazi, dada ya baba, akanikazia macho. "Endelea."

Mdomo wangu, bila haya, ukaendelea. Ukaanza kutaja wazee wa kwenye Maandiko! Wale wa kule Yordani, huyu akamzaa yule, ninaowafundisha kila Jumamosi. Nilikuwa nimefika kwa wa nne wao ndipo nikasikia mwanamume mwenye koleo anacheka. Mama wee! Nilitamani nifunikwe pamoja na baba.

"Nyamaza," shangazi akasema. "Hao ni banani? Walimujuaka ndugu yangu wapi?"

Basi akafukiwa hivyo, na wazee wawili tu.

Nyumbani, tukiwa bado tunanawa mikono, nililipuka. "Shangazi, kosa si yangu! Juu ya nini Mungu alisemaka na watu wale tu? Mito yao iko ndani ya Kitabu, visima vyao, mpaka punda zao! Siye tuko na ziwa, tuko na mto Shari, tuko na milima. Huku hakupitaka?"

Shangazi akatikisa maji mikononi. "Aka! Usimusingizie Mungu. Kila mwamba ngoma anavutia kwake. Wale waliandika bazee yao, na punda zao. Ulitaka waandike ya kwako? Weye uko na kalamu tangu utoto. Uliandika nani?"

Nikajifuta mikono. Lakini moyoni nilikuwa nachemka, na mpaka leo nachemka. Utotoni, nikiruka jina moja la ukoo ule wa mbali, fimbo iliniangukia mgongoni. Babu zangu mwenyewe hakuna aliyewahi kunichapa kwa ajili yao. Nawakasirikia walionifundisha hivyo, na kila Jumamosi nikisimama mbele ya watoto najikuta nafundisha vilevile. Upumbavu gani huu!

Kuna jambo ambalo shangazi sikumwambia. Wiki ile ya mwisho nilikuwa nimekaa kitandani kwa baba, namsomea. Akanishika mkono akasema, "Leta kaye, lile daftari lako, mwanangu. Andika majina, niko naenda."

Nilikuwa nimefika katikati ya sura. Nikamwambia, "Baba, acha mambo ya zamani. Tusali."

Alinitazama sana. Kisha akafumba macho, na nilipomaliza kusoma, akaitikia amina.