Damu ya Janeffer na Tecla

Tangu atoke hospitalini mara ya tatu, Janeffer hakuweza kukaa kitako. Alianza kuchuma majani chai katika kashamba kao karibu na Sigowet, na kabla kikapu hakijafika nusu akaenda kumtazama ng'ombe. Hajamaliza na ng'ombe, aliingia nyumbani kujitia kipimajoto kwapani. Mumewe, Kipruto, ni mtu mpole asiye na maneno mengi, lakini hata yeye ilimshinda.

"Kaa basi unywe hiyo chai kabla haijapoa," alimwambia. "Ugonjwa ulienda."

"Ulienda wapi?" Janeffer akamuuliza.

Nimonia ilikuwa imemlaza mkewe mara tatu katika muda mfupi, na kila mara alipona kwa shida. Utotoni Janeffer aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo. Ndugu yake Kiptanui, aliyemfuata kuzaliwa, aliugua ugonjwa huohuo akafa kabla hajaanza shule. Siku moja kabla ya kuugua, mtoto huyo alikuwa amepakatwa kanisani na Elmina, mke wa amu yao. Yakazuka maneno kwamba Elmina ana jicho baya. Hakuna aliyemshtaki, lakini kina mama waliacha kumpa watoto wao awashike, na baba yake Janeffer hakukanyaga tena kwa Elmina mpaka alipokufa. Janeffer alikua akijua kwamba kwa Elmina watu hupita bila kusimama.

Safari hii, daktari aliyemhudumia Kericho hakuridhika kumpa dawa tu na kumwacha aende. Alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Nyatichi. Alimhoji mambo ya nyumbani kwao: mmezaliwa wangapi, nani aliugua nini. Alipofika kwa Kiptanui akaacha kuandika. Akamtoa damu, ikapelekwa maabara Nairobi, na majibu yalipofika akamwita pamoja na mumewe.

"Mama, mwilini kuna askari," daktari alisema. "Ni seli nyeupe za damu, kazi yao ni kumeza viini vya ugonjwa. Askari wako hawana shida. Lakini viini vingine vina ngozi ya utelezi. Seli inamgusa adui na haimtambui, na hata ikimtambua haipati mahali pa kumshika."

"Kama ndama anazaliwa," Kipruto akasema polepole. "Ukivuta miguu kwa mikono mitupu, inateleza. Lazima uifunge gunia ndipo ushike."

"Hivyo hivyo. Gunia la mwili ni protini zinazogandama juu ya kiini, zinaitwa opsonini. Zikishaganda, seli inajua huyu ni wa kuliwa, inashika, inameza. Moja kubwa katika hizo inaitwa C3. Hutengenezwa na ini na kuzunguka kwenye damu. Wewe mama, unayo kidogo mno, karibu hakuna."

Janeffer aliuliza kama alikula kitu kibaya, au kama ni dawa ya kunyunyizia mahindi.

"Ulizaliwa hivyo. Baba alikupa nusu ya kasoro na mama nusu, na wao wenyewe walikuwa wazima. Hakuna wa kulaumiwa."

Hakukuwa na dawa ya kumpa protini hiyo, ila kulikuwa na namna ya kuishi bila hiyo. Angechanjwa dhidi ya viini vile vya utelezi, angemeza antibiotiki kila siku, na homa ikipanda tu, angekimbia hospitalini bila kungoja. Kisha daktari akasema neno lililomnyima Janeffer usingizi: ndugu yeyote aliyebaki apimwe.

Aliyebaki ni Tecla, mdogo wao wote, aliyeolewa Mulot na kufungua hoteli ya chai na chapati kando ya barabara ya Narok. Janeffer alimpigia simu akiwa bado kwenye lango la hospitali.

"Mimi niko sawa," Tecla alisema. Nyuma yake vikombe viligongana. "Hayo majipu yangu na masikio kutoa usaha, nani hana?"

"Ndio nakwambia upimwe."

"Janeffer, hofu yako usiniletee mimi."

Lakini aliendelea kumletea. Alipiga asubuhi, akapiga jioni, akauliza umelala vipi, unakohoa, umepima joto? Tecla akawa hashiki simu. Janeffer alijua anaudhi. Alijiambia leo hatapiga, kisha akaacha kuchuma, akafuta mikono kwenye sketi na kupiga.

Alhamisi moja Tecla alishika, na sauti yake ilikuwa imekwisha. Alisema ni malaria tu. Kichwa kinapasuka, mwanga unamchoma macho, na shingo imekataa kuinama.

Janeffer aliacha kikapu pale pale katikati ya mistari ya chai. Alimpigia shemeji yake kule Mulot, akamkuta akipakua mahindi. "Usingoje jioni. Usimpe panado. Mpeleke hospitali sasa hivi, na ukifika unipe daktari kwenye simu." Shemeji alitaka kuuliza. "Kiptanui alikuwa hivyo," Janeffer akamkatiza, na yule bwana akaacha gunia likiwa wazi.

Janeffer naye akashika njia ya Mulot. Safari yote aliketi ukingoni mwa kiti, akimuunganisha kwa simu daktari kijana wa kule na Nyatichi wa Kericho. Alipofika, Tecla alikuwa tayari na sindano ya antibiotiki mshipani, macho yamefumbwa, akimwita mama yao ambaye alikwisha kufa.

Alipona. Usikivu wa sikio la kushoto haukurudi, kwa hiyo siku hizi wateja wa hoteli humwita kutoka kulia. Damu yake ilipopimwa, majibu yakawa yale yale ya dada yake.

Walichanjwa pamoja Kericho, na walipotoka Tecla alisimama kwenye ngazi akishikilia mkono uliochomwa.

"Kwa hivyo Kiptanui hakuangaliwa na mtu vibaya," alisema.

"Hapana."

"Na yule mama tumemkwepa miaka hii yote."

Janeffer alikuwa ameliwazia hilo tangu siku ya majibu, na lilimsumbua kuliko homa. Hawakupanga siku nyingine. Walinunua sukari na mkate, wakaenda moja kwa moja mpaka Sigowet, kwa Elmina.

Elmina alikuwa akianua nguo. Alipowaona wakiingia langoni alibaki na shuka mkononi, asijue kama wamepotea njia. Janeffer alijaribu kueleza habari ya protini na utelezi, akachanganya maneno, akaanza upya. Mwishowe akasema tu, "Haikuwa wewe, mama. Ilikuwa damu yetu. Tulikosea sana."

Mzee huyo alikunja shuka taratibu, pembe kwa pembe. "Mimi nilijua haikuwa mimi," alisema. "Lakini hakuna aliyeniuliza."

Kisha akawaambia waingie ndani, maana mvua ilikuwa inakuja.