Mashuka Kumi na Manane

Watu walidhani akibatizwa na sura itabadilika. Haikubadilika. Mama Wokovu, kama wafuaji wenzake walivyombandika jina kwa kejeli, alitoka majini akiwa na miaka arobaini na tisa na uso uleule uliokunjamana kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Kesho yake asubuhi alikuwa kazini, mikono imezama hadi viwiko, analoweka mashuka ya hospitali.

"Haya, mtakatifu," mama mmoja wa pasi akamtania, "malaika wanafulia sabuni gani?"

"Hiyohiyo unayoiba wewe."

Wenzake wakacheka. Yeye akainama juu ya karo, kisha akanyanyuka. "Nisamehe, dada. Imenitoka."

Ndivyo imani yake ilivyokwenda siku nyingi: anasema neno, anajuta, anaomba radhi, anarudi kufua. Mchungaji alimwambia kwamba yule mama wa zamani amekufa. Alimjibu kwamba huyo marehemu bado anaijua njia ya nyumbani kwake.

Kilichomkaba kilikuwa na jina na cheo: Msimamizi. Zamani walipiga pasi meza moja na kula sahani moja. Mashuka yalipopotea, Msimamizi huyo, wakati huo mwenzake tu, alimletea karatasi. "Weka dole gumba, shoga. Ni ya likizo." Mama Wokovu hajui kusoma, akaweka. Karatasi ilisema kwamba amekiri wizi. Akashushwa kwenye kuloweka, mwenzake akapandishwa cheo, na mpaka leo, mwaka wa tisa, hakuna aliyemwambia pole.

Sasa alitakiwa amwombee. Alimwombea kila asubuhi kabla ya chai, akipiga magoti yaliyokwisha kuharibiwa na sakafu yenye maji. Na kila asubuhi aliongeza: "Bwana, mimi bado nataka aumie. Sikufichi."

Jumanne moja chumba cha upasuaji kilikuwa kinadai mashuka. Mama Wokovu alikuwa nje kwenye kamba, anaanika. Msimamizi, kwa haraka zake, akaingia mwenyewe kwenye chumba cha kulowekea, akafungulia maji ya moto juu ya mashuka yenye damu. Mtu wa kuloweka hafanyi kosa hilo hata akiwa na homa. Damu hutoka kwa maji baridi. Ukiimwagia ya moto inapikika na kushika. Lakini Msimamizi maisha yake yote ni mtu wa pasi. Kwake, moto ndio dawa ya kila kitu. Mama Wokovu alimkuta mkono bado uko bombani, mvuke umejaa chumba, mashuka kumi na manane yana madoa ya rangi ya kutu.

Nesi mkuu alishuka mwenyewe. "Nani kayaharibu haya?"

Msimamizi akatazama viatu vyake.

"Mama, wewe ndiye wa kuloweka. Ni wewe?"

"Si mimi. Mimi nilikuwa naanika. Maji kafungulia Msimamizi."

Nesi mkuu akamgeukia Msimamizi, naye akaitikia kwa kichwa.

"Nyinyi wawili nasikia hamuivi," nesi mkuu akasema. "Basi nijibu kitu kimoja, mama. Kafanya kusudi ili kosa likuangukie wewe? Maana kama ni kusudi, leo hii anaondoka."

Mama wa pasi walikuwa wamekusanyika mlangoni. "Ndiyo" ilikuwa imeshafika ulimini, nyepesi, na kila mtu pale angeiamini. Mama Wokovu aliionja. Akakumbuka kwamba na yeye alimalizwa hivihivi, na mtu aliyesema uongo akiwa ametulia.

"Hapana," akasema, na neno likamtoka kama mwiba. "Hakujua. Hajawahi kuloweka huyu."

Nesi mkuu akawapa siku mbili madoa yatoke, akapanda ngazi.

Mama Wokovu hakusikia amani yoyote ikimshukia. Alisikia hasira, na kiuno kikiuma. Akamwaga maji ya moto, akajaza baridi, akatia chumvi viganja vitano. Msimamizi akaja akasimama pembeni ya karo na viatu vyake vikavu.

"Ungeweza kunimaliza."

"Ningeweza."

"Mbona hukunimaliza?"

"Usinishukuru. Nilitaka sana."

"Sasa kilikuzuia nini?"

Mama Wokovu aliendelea kusugua doa kwa kifundo cha kidole. "Zamani nilikuwa wangu, nafanya ninalotaka. Sasa nina mwenyewe, huko juu. Hataki."

Msimamizi alifungua mdomo. Pengine ilikuwa ile karatasi, pengine ilikuwa pole ya miaka tisa. Haikutoka.

"Vua viatu," Mama Wokovu akamwambia. "Shika upande huo tukamue. Na usivute kwa nguvu, hii si pasi."

Msimamizi akavua viatu, akaingiza mikono kwenye maji baridi.