Mianzi Tuliyoipima kwa Kuning'inia

Kwetu Walungu, mwanzi wa kipoyi, ule wa kubebea wagonjwa mabegani, hupimwa kabla ya safari. Ncha zake huwekwa juu ya mawe mawili, na wanaume wawili hujining'iniza katikati. Ukipinda kisha ukarudi, ni mzuri.

Ndivyo mimi na kaka yangu tulivyoipima mianzi kule mtaa wa Muhumba, mjini, miaka ya Zaïre, tulipokuwa tukijenga nyumba ya ghorofa ya tajiri mmoja. Miti ya mikaratusi ya kusimamishwa chini ya ghorofa ili itegemeze betoni, yaani zege, mpaka ikauke, haikutosha. Ni mimi niliyesema mianzi itafaa. Tukaijaribu mmoja mmoja, kaka akinicheka kwamba mwanzi uliolibeba tumbo langu hautaogopa betoni. Hakuna hata mmoja uliolia kwa kupasuka.

Siku ya kumwaga betoni, mmoja ulishindwa. Kisha wa pili, wa tatu. Kaka alikuwa chini, akikaza kabari.

Baada ya mazishi, fundi mzee wa kazi ile aliniletea kipande cha mwanzi. Hakikuwa kimekatika kama kijiti. Kilikuwa kimevimba kiunoni, nyuzi zimeachana na kukunjika upande mmoja, kama ufagio uliokanyagwa. Alinieleza polepole. Nyuzi zikivutwa, zinasaidiana. Zikikandamizwa kutoka kichwani, moja ikianza kujikunja, jirani yake inakosa pa kuegemea, nayo inajikunja, na yote yanaisha mara moja. Niliitikia kwa kichwa. Sikuwa nimeelewa.

Wakati huo mjane wa kaka alikuwa akiwaambia watu kwamba tajiri ndiye aliyetuletea mianzi mibovu. Nilimwacha aseme hivyo siku nne. Siku ya tano nikaenda kwake.

"Shemeji, mianzi niliichagua mimi."

Aliendelea kuchambua maharagi.

"Mulipima?"

"Tulipima. Yeye na mimi."

"Na ilirudi?"

"Ilirudi yote."

"Sasa, juu ya nini ikavunjika?"

Nikamwambia maneno ya fundi: nyuzi, kukandamizwa, kuegemea. Nilichanganya katikati, nikaanza upya. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hajaelewa. Nikamwambia hata mimi.

Akasogea kwenye benchi, akaniachia nafasi. Akasema wageni wengine wa matanga wakifika, nitawaambia mimi mwenyewe kwamba mianzi haikuwa mibovu.