Mursik ya Mama Chebet wa Ndanai

Miaka ya tisini, sikukuu ya somo wa parokia yetu, mtakatifu aliyeishi na wenye ukoma, ilipokuwa ikikaribia, akina mama wa Londiani walinituma Ndanai kwa Sista Perpetua. Alikuwa mtawa mzee kutoka upande wa ziwa, na aliwahudumia wagonjwa kama hao miaka mingi. "Huyo ni mtakatifu anatembea," walisema. "Tuletee maisha yake tusome kanisani." Nilikubali haraka, maana napenda safari kuliko mikutano.

Asubuhi nilipata nafasi mbele kwenye lori la viazi hadi Kericho. Ukungu ulikuwa ukipanda na wachumaji walikuwa wamezama kwenye michai hadi kiunoni. Kutoka hapo nilipanda matatu hadi Sotik, kisha pikapu, nikafika Ndanai mwekundu kwa vumbi.

Adhuhuri Sista alinipa kazi kabla ya kiti. "Maisha yangu yatangoja. Leo Mama Chebet ana wageni wa posa. Beba hiyo sufuria."

Mama Chebet alipona ukoma zamani kwa dawa, ila vidole vilibaki vifupi. Majirani walimsalimia vizuri, lakini mursik yake, yale maziwa ya kuganda ya kibuyuni, hawakuionja. Na huko, mgeni wa posa akikataa mursik, amekataa nyumba nzima. Mama huyu alikuwa amekiosha kibuyu na kukipaka mkaa mwenyewe.

"Wakikataa, Chebet wangu haolewi," aliniambia jikoni. Nilimwonea huruma.

"Sista, si unywe kwanza wakuone?" nilinong'ona.

"Hapana. Nimekunywa hapa miaka mingi. Majirani wanasema, 'Huyo ni mtakatifu, Mungu anamlinda.' Halafu wao wanakaa tu, hawaonji."

Alasiri wageni walifika. Mama Chebet akampelekea kikombe nyanya wa bwana harusi, ambaye wote walimwita kogo. Kogo aliitazama ile mikono kwa muda. Sista aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa akisali. Mimi nilikuwa nikimlaumu.

Kogo akanywa. Akanywa tena, akapangusa mdomo.

"Nani ametengeneza hii?"

"Ni mimi, kogo."

"Mkaa ni kidogo! Kwetu tunaweka mpaka inakuwa bluu."

Mama Chebet alicheka huku machozi yakimtiririka. "Basi kogo, wewe ulete mkaa yako, mimi nilete maziwa!"

Hapo kila mtu akaomba kikombe, hata wale majirani.

Kesho yake nilirudi Londiani. Akina mama walinizunguka kuuliza Sista alifanya nini. Nikawaambia hakufanya kitu, na kwa hilo nilimpenda zaidi. Nilikuwa nimejifunza kwamba wema wa mtu mmoja waweza kuwa kisingizio cha kijiji kizima, na Sista alilijua hilo kabla yetu.

Mwenyekiti wetu hakuridhika. "Sasa kwa sikukuu tutasoma maisha ya nani?"

"Ya kogo," nikasema.